Mwanamke Aliyejifunza Kudaiwa

Kanchan alikisoma kitambaa upande wa nyuma. Ndivyo alivyofundishwa alipoolewa kutoka Kisumu akiwa na miaka ishirini na mmoja, na miaka arobaini na miwili dukani, Barabara ya Biashara katikati ya Nairobi, haikumpa sababu ya kubadili. Rangi ya mbele ni ya kumvuta mnunuzi, alikuwa akisema. Ukweli wa uzi uko nyuma. Wateja waliokuja kutafuta kitambaa cha arusi au cha sare za kwaya walimwona akikigeuza, akikisugua kwa kidole gumba, kisha akisema, "Hii usichukue. Itachuja." Naye ndiye aliyekuwa akikiuza.

Januari ya mwaka jana shemeji yake alimwita barazani, akamwagizia chai, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba uwanja wao wa Spring Valley umeuzwa. Ungejengwa ghorofa kumi na nne. Kanchan alikuwa akiishi katika nyumba ndogo ya nyuma ya uwanja huo, yeye peke yake tangu mumewe Shantilal alipofariki miaka sita iliyopita. Mkataba wa duka nao haungeandikwa upya. Mwisho wa Septemba vyote viwe vimeachwa.

"Keval atakuchukua," shemeji alisema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Kanchan alikunywa chai yake ikaisha. Alirudi kwenye nyumba yake ndogo akaketi kitandani akitazama kuta. Hakuwa amefukuzwa na mtu mbaya. Uwanja ulikuwa wa shemeji; haki ya kuuza ilikuwa yake. Kibao cha duka kiliandikwa "Shantilal na Ndugu Yake", na ndugu mwenyewe ndiye huyu huyu. Bili ya umeme ilikuja kwa jina la marehemu. Hata laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la mwanawe. Kuna watu ambao mji mzima unawajua, na hakuna karatasi hata moja inayowajua.

Keval, mwanawe wa pekee, anaishi Leicester, Uingereza, na kazi yake ni kuuza mashine za madaktari wa meno. Pasipoti haikuwa shida. Kanchan alikuwa na ya Uingereza tangu enzi za baba yake, akiihuisha kila ilipokwisha muda, bila kuitumia. Jioni hiyo mwanawe alipiga simu akiwa na furaha.

"Ba, kila kitu tayari," alisema. Ba ni mama, kwa Kigujarati. "Chumba chako kiko chini, hutapanda ngazi. Na nimekuandikisha kwenye kadi yangu ya benki. Utakuwa mtumiaji wa ziada. Ukitaka kitu, unanunua tu."

"Mtumiaji wa ziada."

"Ndiyo wanavyoita."

"Na nikitaka tiketi ya kuja Nairobi?"

Keval alicheka. "Unaniambia, tunaangalia mwaka umekaaje. Ba, hata hujaondoka unataka kurudi?"

Ndiyo, alitaka kurudi. Kila Februari, siku ambayo Shantilal alifariki, Kanchan huwapikia mafundi wote wa mtaa: khichdi ya mchele na dengu, puri za kukaanga, na shiro, halua ya semolina na lozi. Mafundi cherehani, wapiga pasi, wabeba mizigo, wote hula wakiwa wamesimama mbele ya duka. Hakuwa ameikosa siku hiyo hata mara moja. Na usiku ule alijua kwa uhakika kwamba mtu wa ziada hupewa mwaka mmoja, akaambiwa asubiri mwaka wa pili, na wa tatu haulizi tena.

Kwa hiyo alihitaji njia ya kurudi isiyopitia mfukoni mwa mtu. Alikuwa amesikia wateja wake wakizungumza juu ya kadi za mkopo zinazompa mtu maili za ndege kila anaponunua kitu, mpaka zikitosha zinageuka tiketi. Alikata shauri kwamba hataondoka Kenya bila kadi ya namna hiyo, yenye jina lake.

Mwololo alilisikia jambo hilo kesho yake. Mwololo ni fundi wa Kikamba, mtu wa Machakos, aliyeshona mbele ya duka lile miaka ishirini na sita.

"Mama Keval, wewe na kadi ya mkopo?" alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wewe ambaye ukikopa chumvi kwa jirani unarudisha kabla ya kuonja mchuzi?"

"Kwani kukopa chumvi ni nini? Ni deni."

"Haya. Basi nenda. Watakucheka huko."

Benki aliyoichagua ina matawi nchi nyingi, na ofisi yake ya kadi iko Upper Hill, ghorofa ya tisa. Alipokewa na kijana wa kike anayeitwa Debra, mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea wazee. Debra alichukua kitambulisho, akabonyeza kompyuta, akangoja, akabonyeza tena.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Hakuna deni," Kanchan alisema kwa fahari. "Sijawahi kukopa maisha yangu yote."

"Ndiyo hiyo shida sasa. Historia yako si mbaya, si nzuri. Haiko. Kwa mashine yetu, wewe ni kama mtu amezaliwa jana."

Kanchan aliangalia mikono yake juu ya meza. Mikono ile ilikuwa imewakatia vitambaa mabibi arusi ambao sasa wana wajukuu. Alikuwa amewaaminia watu na watu wamemwaminia, bila kuandikiana. Kwake yeye kutokopa kulikuwa ndiyo sifa yenyewe, sifa ambayo Shantilal aliitaja mbele ya wageni. Hakujua kwamba siku moja ingemfanya mgeni katika mji aliozeekea.

"Kuna njia moja," Debra alisema. "Unaweka pesa kwa akaunti ya kufungwa, huigusi, tunakupa kadi juu yake. Iwe pesa yako, kwa jina lako. Ukituonyesha miezi mitatu ya matumizi mazuri, tawi letu la Uingereza linakupa kadi yake kabla hujapanda ndege. Maili za hapa na za huko zinaingia kwa chungu kimoja."

"Kwa nini nisitumie hii ya hapa huko?"

"Utatozwa kila ukinunua kitu, juu ya kubadilisha pesa. Faida yote inaliwa."

Kisha Debra akampangia vipeperushi vitatu. Cha kwanza kilikuwa cheusi, king'aavu, kimeandikwa kwa dhahabu: mapumziko ya bure katika viwanja vya ndege, hoteli, pointi maradufu. Keval angekipenda. Cha pili kilirudisha pesa kidogo kila ununuapo kwenye maduka makubwa, lakini ya humu nchini tu. Cha tatu kilikuwa cha kijani kilichopauka kama sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu, nacho kilihusu maili za ndege, basi.

Kanchan aliviinua kimoja kimoja akavigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Alitoa miwani yake ya dukani akasoma yote, mstari kwa mstari, huku Debra akijibu simu mbili.

"Hizi pointi za hii nyeusi," aliuliza hatimaye, "zinaoza?"

"Zinaoza?"

"Hapa imeandikwa miezi kumi na mbili."

Debra aliinama akaangalia. "Eh. Zinaoza kweli. Baada ya mwaka usipozitumia."

"Na ada yake ya mwaka ni mara nne ya hii ya kijani. Mimi nitakaa wapi kwa hoteli? Nina watu." Akakisogeza kile cheusi kando kama anavyosogeza hariri ya bandia. "Hii ya kijani haiozi mtu akiitumia hata mara moja kwa mwaka. Sura yake mbaya, lakini uzi ni mzuri. Nipe hii."

Zilibaki pesa za kuweka kwenye ile akaunti ya kufungwa. Hapo Kanchan hakumwomba mtu. Katika jamii yao dhahabu ambayo bibi arusi huja nayo ni yake peke yake. Mume haigusi, wakwe hawaigusi, hata njaa ikiingia nyumbani yeye ndiye husema. Alikuwa na bangili nane. Alipeleka sita kwa sonara, akabaki na mbili, moja kila mkono, na njiani akirudi alisikia ukimya mpya kwenye vifundo vya mikono yake. Alisema baadaye kwamba aliuona ukimya ule mzuri.

Kadi ilifika mwezi wa Machi. KANCHAN, kwa herufi zilizoinuka. Aliipitishia kidole gumba, mbele na nyuma.

Aliitumia vizuri mno. Hilo ndilo lililomponza. Akinunua unga na mafuta asubuhi, mchana alitembea hadi tawi la Kenyatta Avenue na kulipa pesa taslimu dirishani. Akilipia umeme wa duka saa nne, saa tano alikuwa kwenye foleni. Wahudumu wa dirisha walimzoea. Machi ikapita, Aprili, Mei. Mwanzo wa Juni alipanda Upper Hill akiwa amevaa sari yake ya sherehe, ya rangi ya zambarau, akaketi mbele ya Debra.

"Miezi mitatu," alisema. "Sidaiwi hata senti."

Debra alibonyeza. Uso wake ukabadilika.

"Mama. Ulikuwa unalipa lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo!" Debra alishika kichwa. "Mama yangu, mashine inaangalia kadi mara moja kwa mwezi, tarehe moja, wakati karatasi ya hesabu ya mwezi inatoka. Kila tarehe moja imekuta sufuri. Kwa hesabu yake hujawahi kuitumia hii kadi. Maili umepata, ziko. Lakini ile miezi mitatu ya kukujua, hakuna hata mmoja."

"Kwa hivyo nimelipa haraka sana?"

"Umelipa kabla ya kudaiwa. Mashine inataka ione deni, halafu ione umelipa. Usipodaiwa, itajuaje kama wewe ni mlipaji?"

Walihesabu pamoja kwenye kalenda ya mezani. Karatasi ya Julai mosi, ya Agosti mosi, ya Septemba mosi. Tatu. Ndege ilikuwa Septemba ishirini na nane. Hapakuwa na mwezi wa kupoteza. Akikosea mara moja tena, angeondoka akiwa mtu wa ziada.

Aliporudi dukani Mwololo aliona sura yake akasimamisha cherehani. Kanchan akamweleza yote.

"Dawa ya deni ni kulipa," alimaliza, karibu kwa hasira. "Si mnasema hivyo?"

"Tunasema. Lakini wewe Mama Keval unakunywa dawa kabla ya kuugua." Mwololo alicheka mpaka akakohoa. "Sasa itabidi uugue kidogo. Mimi nimekuwa mgonjwa wa hiyo tangu nizaliwe, hainiui."

Kanchan hakucheka. Alikuwa anafikiri kwamba kama lazima adaiwe, basi deni lake la kwanza liwe la kitu kinachostahili. Juni sita alimchukua Mwololo hadi duka la mashine, akageuza cherehani za umeme moja baada ya nyingine, akachungulia chini ya kila moja, akachagua. Mwololo alikuwa amekodi chumba Kangemi ili aanze kazi yake mwenyewe duka likifungwa, na mashine aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kukanyaga.

Kadi ilipita. Risiti ikatoka. Kanchan akaikunja ndogo sana.

"Mama Keval," Mwololo alisema wakiwa nje, mashine mikononi, sauti imepungua. "Hii ni zawadi ama ni deni?"

"Kwako zawadi. Kwangu deni."

Kulibaki siku ishirini na tano hadi Julai mosi, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka huo. Pesa ya kulipia ilikuwa ndani ya bahasha, kwenye droo, tayari. Aliamka akiikumbuka. Akila, chakula kilikuwa na ladha ya kitu cha watu. Alipita mbele ya picha ya Shantilal akiangalia chini. Siku ya nne alifungua droo, akatia bahasha kwenye mkoba, akajifunga ushungi wa sari vizuri, akatoka.

"Unaenda wapi?" Mwololo aliuliza.

"Sokoni."

"Soko gani?"

"Soko tu."

"Soko inayoendewa upande wa Kenyatta Avenue inauza nini, Mama Keval? Sukumawiki ya benki?"

Kanchan alisimama mlangoni, mkoba kifuani. Kisha akarudi ndani akaweka bahasha kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, na ufunguo akampa Mwololo.

"Nikikuomba kabla ya tarehe moja, nikatalie."

"Hata ukilia?"

"Nikilia nipe maji."

Aliuomba mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekasirika kweli, akamwita Mwololo mkaidi wa Machakos, naye akajibu kwamba mkaidi wa Kisumu ndiye aliyemfundisha. Lakini kitu kilikuwa kinabadilika polepole ndani yake. Wiki ya tatu aligundua kwamba amelala usiku mzima. Dunia ilikuwa imemwaminia fedha kwa siku ishirini, na yeye alikuwa ameibeba imani hiyo bila kuivunja. Labda hilo pia ni heshima, alimwambia Mwololo. Labda sifa si kutodaiwa kamwe. Labda ni kujulikana kwamba ukidaiwa, utarudi.

Julai mbili, benki ilipofungua milango, mtu wa kwanza kuingia alikuwa Kanchan na bahasha yake.

Alifanya hivyo tena kwa karatasi ya Agosti mosi na ya Septemba mosi. Septemba kumi na sita Debra alimpigia simu badala ya kumwita.

"Mama Kanchan, umekaa?"

"Nimesimama. Niko kwa ngazi, nashusha kibao."

"Basi shikilia ngazi. Leicester wamekubali. Kadi inakungoja huko, kwa jina lako. Na kwa sababu ni mteja mpya kule, ukiitumia vizuri miezi mitatu ya kwanza wanakuongezea maili. Nimeangalia: hizo pamoja na za hapa zinakaribia kabisa tiketi ya kuja na kurudi."

Kanchan alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka, Mwololo akiishikilia chini, kibao cha "Shantilal na Ndugu Yake" kimelegea upande mmoja. Alipiga kelele ambayo wapiga pasi wa upande wa pili wa barabara waliisikia. Watu wakatoka madukani. Mwololo akatangaza kwa sauti kama mhubiri: "Mama amekubaliwa kudaiwa Uingereza!" Barabara nzima ikapiga makofi, wengine bila kujua wanashangilia nini.

Leicester ilimpokea na baridi na mvua nyembamba. Wiki ya pili alikuwa amepata kazi ya siku tatu katika duka la sari, akirekebisha blauzi. Wiki ya tatu aliketi na Keval mezani na kumuuliza maswali: anasafiri mara ngapi kwa kazi, petroli kiasi gani, hoteli je, na kadi yake inampa nini. Keval akasema inampa pointi za hoteli. Kanchan akaomba aone upande wa nyuma.

"Hizi zinaoza," alisema. "Nusu zimeshaoza. Hukujua?"

Keval hakujua. Alikuwa mtu wa upande wa mbele siku zote, kama baba yake. Walizungumza hadi chakula kikapoa. Mwisho wa mwezi wa Oktoba barua ilifika kutoka benki ikiwa na kadi ya pili, ya kijani kilichopauka. Mwenye akaunti: Kanchan. Mtumiaji wa ziada: Keval.

Mwaka huu, Februari, alishuka Nairobi kwa tiketi ya maili zake. Kodi za uwanja wa ndege alizilipa kutokana na blauzi. Duka la Biashara sasa linauza simu. Kwa hiyo alipikia Kangemi, mbele ya chumba cha Mwololo, ambapo cherehani ya umeme ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa safi kama mgeni wa heshima. Mafundi wa mjini walikuja wote. Shiro ilikuwa ikitolewa sufuriani simu yake ilipolia. Ilikuwa laini mpya, ya jina lake.

"Ba," Keval alisema, na nyuma yake ulisikika upepo wa Leicester. "Matairi yamekwisha. Naweza kununua kwa kadi yako?"

"Nunua. Maili nitapata mimi."

"Nitakulipa leo leo."

"Leo hapana!" Kanchan alipaza sauti, mwiko mkononi, na Mwololo akageuka akianza kucheka kabla hata ya kusikia mengine. "Ngoja karatasi itoke tarehe moja. Kisha siku ya pili, asubuhi na mapema, uwe wa kwanza mlangoni."